Duma: Gitaa la Nairobi, mashine za Kampala

Katikati ya mwaka 2019, vijana wawili wa Nairobi walipiga kambi kwenye studio ya Nyege Nyege jijini Kampala kwa miezi mitatu. Martin Khanja, maarufu kama Lord Spikeheart, alishika kipaza sauti. Sam Karugu aliliacha gitaa la besi alilozoea, akachukua gitaa la solo na kompyuta. Walijiita Duma, yaani giza kwa Kikuyu. Agosti 2020, wakati korona ilikuwa imefunga majukwaa, albamu yao ya nyimbo tisa ikatoka kwa jina hilohilo.

Wote walitokea kwenye bendi za metali, tawi kali kabisa la roki: Lust of a Dying Breed na Seeds of Datura. Safari hii hawakuwa na mpiga ngoma. Midundo ilitoka kwenye kompyuta, mingine ikienda kasi ambayo mikono ya binadamu haiwezi kuifikia. Kelele za mashine zinakwaruzana na gitaa, huku Khanja akinguruma na kupiga mayowe juu ya vyote hivyo.

Ndoa ya gitaa zito na mashine ilifungwa zamani. Birmingham, mji wa viwanda wa Uingereza uliozaa bendi ya metali ya Black Sabbath, ndio pia uliozaa Godflesh mwaka 1988, kundi lililotumia mashine badala ya mpiga ngoma. Albamu yao ya mwaka 1989, Streetcleaner, iliwafungulia wengi njia.

Lakini Duma walikuwa na jirani wa karibu zaidi. Mwaka 2017, lebo iliyowatoa, Nyege Nyege Tapes, ilitoa Sounds of Sisso, mkusanyiko wa singeli kutoka Dar es Salaam, muziki unaovuka mapigo 200 kwa dakika. Lebo iliyokwisha kuzoea mwendo wa uswahilini haikuwa na sababu ya kuwaambia Duma wapunguze kasi.

Msomaji wa Bariadi, Maswa au Meatu, mkoani Simiyu, asiharakishe kusema muziki huu haumhusu. Usukumani, baada ya mavuno, Bagika na Bagalu wameshindana kwa vizazi: makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni aliyevuta watu wengi. Hapo manju, kiongozi wa ngoma, hapimwi kwa ulaini wa koo. Anapimwa kwa uwezo wa kuushika umati wakati mpinzani anatwanga ngoma upande wa pili. Sauti inayovuta umati, hapo, ni ufundi.

Khanja mwenyewe ameonyesha kwamba ukali wa muziki haumkatazi mtu kuenzi wazee wake. Mwaka 2024 alitoa albamu yake binafsi, The Adept, kwa heshima ya Muthoni wa Kirima, mwanamke aliyefikia ujemadari katika vita vya Mau Mau na kufariki mwaka 2023. Khanja ni kitukuu wa Muthoni.

Kijana wa Simiyu anayetengeneza midundo ana hazina kama hiyo nyumbani. Awafuate manju wazee, awarekodi kwa ridhaa na malipo ya haki, kisha aiachie kompyuta iende kasi aitakayo. Duma walikuwa wawili tu, na dunia iliwasikiliza.