Takwimu
Mwambie mkulima wa Tarime au Mugumu kwamba unataka data za shamba lake. Huenda akadhani unaomba bando. Hana kosa. Mtaani, data ni ile inayokwisha katikati ya video. Mimi napenda takwimu, neno lililotoka kwa Waarabu, ambao hadi leo huita kalenda taqwim. Kabla ya majedwali ya ofisini, basi, kulikuwa na hesabu ya siku, na mpanda ulezi anaijua hiyo kuliko karani yeyote. Tangu msimu wa 2022/23, anayetaka mbolea ya ruzuku nchini Tanzania husajiliwa kwenye mfumo wa kidijitali: jina, ekari, mazao. Hizo ni takwimu zake. Bando halihusiki, ingawa mtandao ukikatika linahusika sana.