UZI: Shosho akipangisha chumba, apoteze pesa za serikali?

1/ Kila mjadala wa Inua Jamii ukipamba moto, hakosi mtu wa kusema: "Huyo shosho ana chumba anapangisha, Sh2,000 za nini?" Kabla hujamuunga mkono, twende Uingereza kidogo. Wamebishana kuhusu chumba hicho kwa karibu miaka 100.

2/ Mwaka 1931 uchumi umeanguka, kazi hakuna. Serikali ikaleta ukaguzi wa mapato ya nyumba nzima. Ukishamaliza wiki zako 26 za bima ya kukosa kazi, afisa anakuja kwako kuhesabu: mshahara wa binti yako, akiba, pensheni ya babu, hata faida ya kumweka mpangaji.

3/ Matokeo? Vijana wenye kazi walihama kwao, wakaenda kupanga kwingine ili mshahara wao usimkatie mzazi posho. Sheria ya kuokoa pesa ikatawanya familia. Ukaguzi huo wa nyumba nzima ulichukiwa sana, na mwaka 1941 ukaondolewa.

4/ Ruka hadi 1992. Sasa mwenye nyumba anabembelezwa: pangisha chumba chenye fanicha ndani ya makao yako, na pauni 3,250 za kwanza kwa mwaka hazitozwi ushuru. Tangu 2016 kiwango ni pauni 7,500.

5/ Mwaka 2013 zamu ikawa ya maskini. Ukiishi nyumba ya umma kwa msaada wa kodi na uko na chumba kimoja cha ziada, unakatwa 14% ya kodi inayohesabiwa. Viwili au zaidi, 25%. Ukilalamika unaambiwa: hamia nyumba ndogo, ama weka mpangaji.

6/ Haya, ameweka mpangaji. Kwa msaada wa zamani, chumba hakihesabiwi tena kuwa cha ziada, lakini kodi inayozidi pauni 20 kwa wiki inakuwa mapato. Mpangaji akilipa 70, 50 zinahesabiwa. Kwa Universal Credit, iliyoanza mwaka huo huo, kodi ya mpangaji haihesabiwi, lakini chumba kinabaki kuwa cha ziada na makato yanaendelea. Huku anaachiwa, huku anakatwa.

7/ Umeona? Mwenye nyumba akipangisha chumba, anapunguziwa ushuru. Anayepata msaada akifanya hivyo, anapigiwa hesabu.

8/ Tuwe wakweli, upande wa pili pia una hoja. Bajeti ina mwisho, na mwenye ploti ya vyumba kumi si sawa na jirani asiye na paa. Ndiyo maana uamuzi wa Kenya wa 2018 ulikuwa mkubwa: kila mwenye miaka 70 na zaidi asiye na pensheni aliweza kuandikishwa, bila kuhesabiwa vyumba. Wachache wenye nacho watapata, ni kweli. Lakini hakuna shosho wa kumficha mpangaji afisa akipita.

9/ Kwa hivyo mwanasiasa akisema "tuwakague", muulize: Utahesabu kodi yote, ama inayobaki baada ya kurekebisha bomba na mabati? Chumba kikikaa miezi mitatu bila mtu, je? Na huyo mkaguzi atalipwa na nani?

10/ Wewe ungehesabu nini? Tuongee hapo chini, bila matusi.