Kutoka Remera hadi Nyabarongo: njia tulivu za baiskeli pembezoni mwa Kigali

Tarehe 21 Septemba 2025, mbele ya ukumbi wa BK Arena katika eneo la Remera, waendesha baiskeli bora duniani waliondoka mmoja mmoja kushindana na saa. Ilikuwa siku ya kwanza ya Mashindano ya Dunia ya Baiskeli za Barabarani, ambayo hayakuwahi kufanyika katika ardhi ya Afrika. Mswisi Marlen Reusser aliibuka mshindi kwa wanawake, na Mbelgiji Remco Evenepoel kwa wanaume. Wiki moja baadaye, Mslovenia Tadej Pogačar alishinda mbio ndefu ya wanaume ya kilomita 267.5, ambayo wanariadha 30 tu waliimaliza.

Barabara zilizofungwa kwa ajili yao zilifunguliwa, na mabasi, malori na pikipiki vikarejea. Anayeishi Remera na kutaka kupanda baiskeli bila kuvuta moshi hawezi kusubiri mashindano mengine. Imempasa ajue utulivu unaanzia wapi, na jibu lake limo katika umbo la nchi yenyewe: utulivu unaanzia chini.

Kigali imejengwa juu ya vilima. Barabara kuu nyingi hufuata migongo ya vilima hivyo au hupanda na kushuka ubavuni mwake, na katikati yake mna mabonde yenye vijito, mafunjo na mashamba. Maji yote ya jiji huishia katika mto Nyabarongo, unaoizunguka Kigali upande wa magharibi na kusini kabla ya kuendelea hadi Akagera, Ziwa Victoria na hatimaye Nile. Kwa mpanda baiskeli, kufuata maji ndiyo njia fupi ya kuyakimbia magari. Gharama yake ni moja, nayo hulipwa jioni: kila aliyeshuka bondeni atapanda kurudi nyumbani.

Bonde la karibu zaidi ni Nyandungu. Kutoka Giporoso, penye makutano yenye pilikapilika nyingi, barabara ya Kayonza hushuka kuelekea mashariki, na katika safari isiyozidi kilomita tano msafiri hufika kwenye lango la hifadhi iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2022. Ardhi hiyo ya zaidi ya hekta 120 ilikuwa kinamasi kilichoharibiwa, kikarejeshwa kwa kupandwa miti ya asili na kuchimbwa mabwawa. Mwaka huohuo wa 2022 Kigali ilitambuliwa chini ya Mkataba wa Ramsar kuwa miongoni mwa miji inayotunza ardhioevu zake. Ndani mna njia za watembea kwa miguu na baiskeli, bila gari hata moja. Wazoefu huiona fupi mno, na kwa kweli si njia ya kusafiria. Lakini kwa mtoto anayejifunza, au mtu mzima anayerejea kwenye baiskeli baada ya miaka mingi, hakuna mahali pazuri zaidi karibu na Remera.

Njia ya pili huelekea kaskazini. Hupita Kimironko, ikavuka Bumbogo na kuendelea hadi Gikomero, tarafa za wilaya ya Gasabo ambako nyumba za jiji huachia nafasi migomba, maharage na mihogo. Sehemu kubwa ya njia za huko ni udongo mwekundu, na vilima haviishi. Atakayeipima safari kwa kilomita badala ya mwinuko atajidanganya. Mwisho wake ni Ziwa Muhazi, ziwa refu na jembamba lililojaza bonde kiasi kwamba mgeni hulidhania mto. Maji yake hutoka upande wa magharibi kama mto Nyabugogo, na kuteremka hadi kwenye kituo kikuu cha mabasi chenye jina hilohilo. Anayetaka kwenda Muhazi atenge siku nzima, achukue baiskeli yenye tairi pana na gia nyepesi, na abebe maji ya kumtosha kati ya kituo kimoja cha biashara na kingine.

Bonde la Nyabugogo lenyewe linavutia kwenye ramani. Mashamba ya miwa ya kiwanda cha sukari cha Kabuye yametanda humo, na tambarare ni adimu Rwanda. Hata hivyo, barabara kubwa zinazolipitia ndizo zinazobeba malori ya kutoka mpaka wa Gatuna na yanayoelekea Muhanga na Musanze. Si njia ya kupendekeza kwa anayetafuta utulivu, isipokuwa alfajiri, na hata hapo kwa tahadhari.

Njia iliyo bora kuliko zote ni ya kusini, kuelekea Bugesera. Kutoka Remera msafiri hupita Sonatubes, akapanda Nyanza ya Kicukiro, mwinuko uleule ambao Evenepoel na wenzake waliupanda mwaka 2025, kisha akafuata mgongo wa kilima hadi Gahanga. Hapo nchi hufunguka ghafla. Barabara ya lami huteremka takriban mita 200 hadi daraja la Kanzenze, na Nyabarongo huonekana pande zote mbili: maji ya rangi ya kahawia kwa udongo unaosombwa kutoka milimani, mafunjo, na mashamba yaliyopangwa kama mkeka. Mteremko huo unahitaji breki zilizokaguliwa nyumbani, si njiani. Kushuka hadi ukingoni mwa maji kunawa uso si jambo la busara, kwa kuwa mto huu una mamba.

Ng'ambo ya daraja, Bugesera ni Rwanda ya aina nyingine. Vilima hulegea, joto huongezeka, upeo wa macho hupanuka. Nyamata iko karibu kilomita 30 kutoka Kigali, na huko baiskeli si mchezo. Ni teksi, ni gari la mizigo, ni mtaji. Abanyonzi, yaani vijana wanaobeba abiria kwa baiskeli, husubiri wateja katika vituo vya njiani kama madereva wa bodaboda wanavyofanya kwingineko Afrika Mashariki. Jijini Kigali waliondolewa kwenye barabara kuu za lami miaka mingi iliyopita, hivyo kazi yao imebaki pembezoni. Mtu mwenye baiskeli ya bei kubwa na mavazi ya kubana hufanya vyema kukumbuka kwamba yeye ndiye mgeni wa barabara hizi. Munyonzi mwenye magunia mawili ya mkaa hawezi kusimama ghafla wala kukwepa haraka, apishwe. Naye ndiye ajuaye ni njia ipi ya udongo iliyokatika kwa mvua na ni fundi gani mwenye pampu na viraka. Kiswahili, ambacho kimekuwa lugha rasmi ya nchi tangu 2017, humsaidia msafiri sokoni na kwa madereva, lakini vijijini salamu ya Kinyarwanda hufungua milango mapema zaidi: «mwaramutse» asubuhi, «mwiriwe» kuanzia mchana.

Bonde hili halipitwi kama mandhari tu. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu wa Bugesera walijificha kwenye mafunjo haya wakisakwa mchana kutwa, na Nyabarongo ilibeba miili ya waliouawa. Makanisa ya Ntarama na Nyamata, ambako maelfu walikimbilia na kuuawa, sasa ni maeneo ya kumbukumbu. Nyamata iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2023. Anayesimama hapo avue kofia ya baiskeli na azungumze kwa sauti ya chini. Katika wiki ya maombolezo inayoanza Aprili 7, ziara za makundi kwa ajili ya burudani hazifai kupangwa kabisa.

Baada ya Nyamata, njia nzuri zaidi huacha lami na kuelekea Gashora, kati ya maziwa madogo kama Rumira na Mirayi. Ni tambarare kiasi kwamba hata mpandaji wa kawaida hufika bila kushuka kwenye baiskeli. Utulivu wa Bugesera, hata hivyo, una mashaka. Uwanja mpya wa ndege wa kimataifa ulianza kujengwa wilayani humo mwaka 2017, na barabara mpya za lami zinaifungua wilaya upande wa Ngoma na wa Nyanza ya kusini. Kwa mkulima anayepeleka nyanya sokoni hiyo ni habari njema, na haitakuwa haki kumtaka abaki vumbini ili wengine wapate pa kutembelea. Lakini haijulikani kama bega la barabara litaachwa pana vya kutosha kwa munyonzi na mzigo wake, na kwake yeye hilo ni suala la uhai.

Kuhusu wakati wa kusafiri, kuna mambo machache yasiyosamehe. Magari Rwanda hupita upande wa kulia, na mgeni kutoka Tanzania, Kenya au Uganda hukosea zaidi kwenye mzunguko wa barabara, anapotazama upande usio wenyewe. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni ya umuganda, kazi ya pamoja ya wananchi. Shughuli husimama asubuhi hiyo, na si heshima kuonekana ukitalii wakati wengine wameshika majembe. Jumapili ya siku isiyo na magari, utaratibu ulioanza Kigali mwaka 2016, ndiyo nafasi bora ya kutoka mjini, kwani baadhi ya barabara kuu hufungiwa magari asubuhi.

Masika, kuanzia Machi hadi Mei, hugeuza udongo wa Gikomero na Gashora kuwa tope linalogandamana kwenye tairi hadi gurudumu likakataa kuzunguka. Juni hadi Agosti ni vumbi, lakini njia hupitika. Jua huzama karibu saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, na giza huingia upesi. Aliyeko Nyamata aanze kurudi ifikapo saa nane na nusu mchana, ili aupande mwinuko wa Kanzenze hadi Gahanga kungali mwanga. Vijana wengine hushika nyuma ya lori ili kuvutwa hadi juu. Lori likifunga breki, hapana pa kukimbilia. Ni heri kushuka, kuisukuma baiskeli ukingoni mwa barabara, na kupumzika pale juu kabla ya kuelekea Remera.