Ren, rapa wa Wales aliyetungia kitandani

Oktoba 2023, albamu mbili zilikuwa zikigombea namba moja kwenye chati ya Uingereza. Moja ilikuwa ya Rick Astley, mwimbaji anayejulikana dunia nzima tangu 1987. Nyingine, Sick Boi, ilikuwa ya rapa wa Wales asiye na mkataba na lebo kubwa, ambaye siku hizo alikuwa Kanada kwa matibabu. Rapa huyo ndiye aliyeshinda, na walioshangaa ni wale tu ambao hawakuwa wamemfuatilia.

Ren Gill alizaliwa 1990 mjini Bangor, kaskazini mwa Wales, akakulia Dwyran, kijiji kilichoko katika kisiwa cha Anglesey. Gitaa lilimpeleka mji wa Bath, Uingereza, akawa anapiga barabarani. Mwaka 2010 hivi kampuni ya Sony ikampa mkataba. Kwa kijana wa miaka ishirini hiyo ni ndoto iliyotimia, lakini mwili wake ulikataa. Nguvu zilimwisha, kichwa kikamvurugika, viungo vikawa vinamuuma usiku na mchana. Albamu iliyotarajiwa haikutoka, naye akarudi nyumbani kwa wazazi wake na kulala kitandani.

Kila daktari alikuja na lake. Mmoja alisema ni sonona, mwingine akasema ni ugonjwa wa akili wa hisia kupanda na kushuka, mwingine uchovu sugu, na kila jina lilikuja na dawa zake. Baada ya miaka ya kuhangaika ndipo daktari mmoja Ubelgiji alipomwambia kwamba ana ugonjwa wa Lyme. Ugonjwa huo huletwa na bakteria wanaoenezwa na kupe. Ukigunduliwa mapema, antibayotiki huutibu vizuri. Ukiachwa, unaweza kufika kwenye viungo, moyo na mishipa ya fahamu. Ren amesimulia mara nyingi kwamba alichelewa kugunduliwa, na madhara ya kuchelewa huko anaishi nayo mpaka leo.

Kitandani hapo ndipo mtindo wake ulipopatikana. Mgonjwa asiyeweza kutoka nje hana bendi wala studio ya kukodi. Ren akawa bendi peke yake: gitaa lake, kinanda chake, biti anazotengeneza mwenyewe kwenye kompyuta, sauti yake ikigawanywa kuwa ya watu kadhaa. Albamu yake Freckled Angels, iliyotoka 2016, ilitokana na miaka hiyo, na aliitoa kwa kumbukumbu ya rafiki yake aliyejiua. Wachambuzi wengi wanasema anachanganya hip hop, rege, roki na muziki wa mitaani kana kwamba anatafuta vionjo. Mimi sioni hivyo. Kila mhusika katika nyimbo zake ana hali yake, na kila hali inadai mdundo wake. Hasira inakuja na mistari ya kufokafoka, huzuni inakuja na nyuzi za gitaa, na kichaa kinapopanda mambo yote yanakuja kwa pamoja.

Alipopata nafuu alihamia Brighton, mji wa pwani kusini mwa Uingereza, akaungana na wenzake katika bendi ya The Big Push. Walipiga barabarani, watu wakipita na mifuko yao ya madukani. Katika video yao iliyosambaa sana, wanaanza na wimbo wa Bob Marley kuhusu sherifu, wanateleza hadi kwa mwanawe Damian, halafu wanaangukia kwa kundi la rapu la Dead Prez bila kupumzika. Barabarani hakuna anayekulipa kiingilio, kwa hiyo kila mpito wa wimbo hauna budi kumsimamisha mtu mwenye haraka. Shule hiyo imemsaidia Ren kuliko mkataba wowote.

Desemba 2022 akaweka mtandaoni Hi Ren, wimbo wa dakika zipatazo tisa. Katika video yake amevaa gauni la hospitali, ameketi kwenye kiti cha magurudumu, gitaa mapajani, na kamera haikatizi hata mara moja. Vidole vinaanza taratibu. Kisha sauti mbili zinajibizana kutoka kinywa kimoja: moja ya upole inayojaribu kutumaini, nyingine ya kukwaruza inayomdhihaki kwamba hafai, kwamba hatapona, kwamba hata kipaji chake ni cha kujidanganya. Uso unageuka, shingo inakaza, macho yanatoka, huku vidole havikosi uzi. Aliyekulia kwenye mashairi yetu ya malumbano ataelewa mara moja kinachofanyika, ila hapa malenga wawili wanaishi kwenye mwili mmoja. Mwishoni gitaa linanyamaza, naye anazungumza tu. Hadai ushindi. Anasema alijiona vitani kati ya nuru na giza, mpaka akatambua kwamba huyumbishwa kati ya vyote viwili, na kwamba hilo halitaisha.

Walioueneza ni watazamaji wenyewe. Walimu wa uimbaji, wapenzi wa roki nzito, wauguzi na wazee wasiosikiliza rapu walijirekodi wakiutazama kwa mara ya kwanza, wengi wakilia. Mamilioni wakafuata, na miezi kumi baadaye mashabiki hao ndio walionunua Sick Boi.

Pamoja na hayo, kazi yake kubwa kwangu ni ile mikasa mitatu aliyoiimba, ya Jenny, Screech na Violet. Miwili ya kwanza ilitoka 2019, wa Violet 2022. Jenny ni msichana wa miaka kumi na minne anayekutana na kisu usiku. Screech ndiye aliyekishika, na wimbo wake unatulazimisha tukimbie naye. Violet ni mama anayepigwa nyumbani, miaka mingi kabla ya usiku ule. Ren anaisimulia yote kwa gitaa moja, akibadili kasi kila mhusika anapobadilika. Anayetaka kumjua asianze na Violet, japo kwa kalenda ya hadithi ndiye wa kwanza. Asikilize Jenny, kisha Screech, kisha Violet, kwa sababu kuna jina linalotajwa katika mkasa huo wa tatu ambalo linabadili kila kitu alichokisikia katika ile miwili.