Ndege ya Ndola na Sahani ya Kambo

 Zamu ya kuandika historia imenifikia, na nimechagua habari ya ndege iliyoanguka karibu na Ndola mwaka 1961.

Wengi mmeisikia. Ukikaa pale Kashikishi jioni, wavuvi wakitengeneza nyavu zao, kuna siku mazungumzo yanaelekea huko tu. Nani alimuua Lumumba? Nani aliangusha ndege ya yule mkubwa wa Umoja wa Mataifa? Kila mtu ana jibu lake. Mmoja anasema Wabelgiji, mwingine Waingereza, mwingine anasema ni uchawi wa madini. Watu wanabishana, wanacheka, mpaka giza linaingia. Na mimi nilikuwa napenda sana. Fumbo ni tamu, bwana. Lakini nilipoanza kuisoma vizuri nikakuta jambo ambalo pale ufukweni hatuligusi kabisa: kuna watu waliobaki wakingoja.

Kwanza historia yenyewe. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Siku 11 baadaye, tarehe 11 Julai, Moïse Tshombe akatangaza kwamba Katanga imejitenga. Hiyo ndiyo Katanga yetu, yenye Pweto na Mitwaba na Moba, ng'ambo ya maji haya. Nyuma yake walikuwepo Wabelgiji, kampuni ya madini, na askari wa kukodiwa. Tarehe 17 Januari 1961 Patrice Lumumba na wenzake wawili, Maurice Mpolo na Joseph Okito, waliletwa kwa ndege Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Usiku ule ule wakauawa porini. Baadaye miili yao ilifukuliwa, ikakatwa, ikayeyushwa kwa asidi. Serikali ya Katanga ikatangaza eti wametoroka na wameuawa na wanakijiji. Yaani waliuawa, wakanyimwa kaburi, halafu wakanyimwa hata ukweli.

Mwaka ule ule Wabaluba makumi ya maelfu waliokuwa wakiteswa pale Élisabethville walikimbilia karibu na askari wa Umoja wa Mataifa, wakajenga vibanda. Walikuwa wakimbizi ndani ya mji wao wenyewe. Tarehe 13 Septemba vita vikawaka kati ya askari wa Umoja wa Mataifa na jeshi la Katanga. Katibu Mkuu wa Umoja huo, Dag Hammarskjöld, Mswidi wa miaka 56, akaamua kukutana na Tshombe uso kwa uso ili vita visimame. Mahali pa kukutana palikuwa Ndola, wakati huo nchi ikiitwa Rhodesia ya Kaskazini, chini ya Waingereza.

Jioni ya tarehe 17 Septemba ndege aina ya DC-6, iliyopewa jina Albertina, iliondoka Léopoldville ikiwa na watu 16. Haikukatiza juu ya Katanga, kwa sababu Tshombe alikuwa na ndege ya kivita iliyokuwa ikishambulia Umoja wa Mataifa. Ikazunguka mbali upande wa mashariki, kuelekea Ziwa Tanganyika, kisha ikashuka kusini. Muda mfupi baada ya saa sita usiku ikapita juu ya uwanja wa Ndola. Watu wakaiona. Halafu kimya.

Tshombe alikuwa Ndola anangoja. Mkubwa wa Uingereza aliyekuwepo uwanjani alisema labda Katibu Mkuu amebadili mawazo, ameenda kwingine. Taa zikazimwa, watu wakaenda kulala. Mabaki ya ndege yalitangazwa kupatikana siku ya pili saa tisa alasiri, msituni, kama kilomita 15 hivi kutoka uwanjani. Hesabu mwenyewe: masaa 15.

Masaa yote hayo kulikuwa na mtu hai pale chini. Anaitwa Harold Julien, Mmarekani, mlinzi. Alikuwa ameungua vibaya, amelala juani. Walipompeleka hospitali alisema kuhusu mlipuko, na cheche alizoziona angani. Waliomsikiliza wengi wakachukulia kuwa ni maneno ya homa. Lakini alisema jambo jingine pia. Aliomba mke wake na watoto waambiwe kwamba yeye yuko hai, kabla orodha ya waliokufa haijatangazwa.

Nilipofika hapo nilisimama kusoma. Mtu ameungua, wenzake wote wamekufa, na anachofikiria ni jinsi mke wake atakavyoumia kwa kusoma habari ya uongo kwenye gazeti. Siku chache baada ya ajali naye akafariki.

Kuna watu wengine waliokuwa msituni usiku ule, wachoma makala. Nyote mnawajua watu wa namna hiyo, hata humu kambini tunao. Mtu anayechoma makala halali fofofo, anaangalia tanuri lake lisishike moto. Kwa hiyo wao ndio waliokuwa macho. Baadhi yao walisema waliona ndege mbili, kubwa na ndogo, na mwanga juu, kisha moto. Tume ya serikali ya Rhodesia ikaweka maneno yao kando. Walikuwa Waafrika, walikuwa maskini, nani awaamini? Wengine hawakusema kabisa kwa kuogopa, mpaka wamezeeka ndipo wakaulizwa tena. Timothy Kankasa, aliyekuwa kiongozi pale Twapia na baadaye akawa waziri wa Zambia, alieleza kwamba wachoma makala walimletea habari asubuhi ile, naye akawaambia polisi. Asubuhi! Na mabaki "yakapatikana" saa tisa alasiri.

Tume ya Rhodesia mwaka 1962 ikasema ni kosa la rubani. Tume ya Umoja wa Mataifa mwaka ule ule ikasema haiwezi kujua sababu. Likabaki hivyo miaka mingi, mpaka mwaka 2011 mwanahistoria Susan Williams alipotoa kitabu kilichowafanya watu waulize upya. Tangu 2015 Umoja wa Mataifa umempa kazi hiyo Mohamed Chande Othman, Jaji Mkuu mstaafu wa Tanzania. Yeye ameandika kwamba inawezekana ndege ilishambuliwa au ilitishiwa kutoka nje, na kwamba nchi kubwa zenye nyaraka hazijazifungua zote. Na maneno ya wale wachoma makala, yaliyotupwa 1962, leo yamo katika ushahidi unaopimwa. Jibu la mwisho bado.

Sasa turudi kwa wanaongoja. Sisi tunasema "ndege ya Hammarskjöld", lakini ndani walikuwemo watu 16. Alikuwemo Alice Lalande, katibu kutoka Kanada, mwanamke peke yake. Alikuwemo Serge Barrau, mlinzi kutoka Haiti. Walikuwemo askari vijana wa Uswidi. Alikuwemo rubani Per Hallonquist, na fikiria jamaa zake: zaidi ya miaka 50 karatasi ya serikali inasema mtu wao ndiye aliyeua wenzake kwa kukosea, na wao hawana njia ya kujua kama ni kweli. Wewe unaona fumbo tamu la kuzungumza ufukweni. Wao wanaona kiti kitupu mezani.

Na Lumumba? Askari polisi mmoja wa Kibelgiji, miongoni mwa walioyeyusha miili, aliondoka na jino lake kama kumbukumbu ya mawindo. Mwaka 2020 binti yake, Juliana Lumumba, alimwandikia mfalme wa Ubelgiji akidai mabaki ya baba yake. Tarehe 20 Juni 2022 familia ilikabidhiwa jino lile mjini Brussels. Likatembezwa Kongo ndani ya jeneza, mpaka Shilatembo pale alipouawa, na tarehe 30 Juni likazikwa Kinshasa. Miaka 61, jino moja. Kuna watu waliocheka: jeneza zima kwa jino? Mimi sikucheka, na nitawaambia sababu.

Mwishoni mwa 2017 tulipokimbia kutoka upande wa Pweto, mjomba wangu alitufikisha mpakani, halafu akarudi nyuma kuchukua baiskeli. Hakuonekana tena. Kule Kenani, halafu hapa Mantapala, kila aliyefika alikuja na habari yake. Mmoja alisema amepigwa risasi. Mwingine alisema mtumbwi ulizama. Mwingine aliapa amemwona Lubumbashi, anauza vocha. Kambo yangu alizipokea zote, na hakuamini hata moja. Mpaka leo, tukipata pale ya kutosha, anaweka sahani moja pembeni na kuifunika. Akifa mtu unalia, unazika, wageni wanakula, wanaondoka. Kambo hajapata siku ya kulia. Angepewa jino moja tu, angejua pa kuliweka.

Ndiyo maana nawaomba, vijana, tusiwe watu wa kupenda fumbo tu. Yule mchoma makala hakuwa na cheo wala bunduki, alikuwa na alichokiona. Nasi tuna tulichokiona. Uliza wazazi kwa upole, siku ambayo wako tayari, na wakikataa waache. Andika jina lote, kijiji, tarehe, nguo aliyovaa, nani alimwona mwisho. Usiongeze chumvi. Ulichosikia kwa mtu, andika kwamba umekisikia. Msalaba Mwekundu wana kazi ya kutafuta jamaa waliopotezana, na maelezo kama hayo ndiyo wanayoyahitaji.

Na ninyi mnaotuandikisha kwenye fomu: mama akisema "sijui yuko wapi", msikimbilie swali linalofuata. Pengine ni mara ya kwanza mtu kumuuliza. Ngojeni kidogo.

Mimi nimeandika ya mjomba. Ukurasa mmoja tu: shati la kijani, baiskeli nyeusi isiyo na breki ya mbele, kovu kwenye kidole gumba. Nilimsomea Kambo jioni. Alinirekebisha pale kwenye kovu, lilikuwa mkono wa kushoto. Halafu akaniambia, "Soma tena, mjukuu wangu."