Matini na Sherehe: Maktaba ya McMillan katika Enzi ya Kidijitali

Jengo la kihistoria ni matini. Lina mtunzi, lina hadhira teule, na lina mambo lililoyanyamazia. Maktaba ya McMillan jijini Nairobi, iliyofunguliwa mwaka wa 1931, yathibitisha dai hili. Lady Lucie McMillan aliijenga kwa ukumbusho wa mumewe, Sir William Northrup McMillan, mlowezi tajiri aliyefariki mwaka wa 1925. Nguzo zake na simba wake wa mawe humkaribisha mpita njia kwa haiba. Ilhali kwa zaidi ya robo karne hadhira yake ilikuwa Wazungu pekee. Hata Waislamu wa asili ya Kiasia waliosali katika Msikiti wa Jamia, ulio ubavuni mwake, hawakuwa na nafasi humo. Umma ulifunguliwa milango miaka michache tu kabla ya uhuru wa 1963.

Tangu mwaka wa 2017, shirika la Book Bunk, lililoasisiwa na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, limejitwika jukumu la kuikarabati maktaba hii pamoja na matawi yake ya Kaloleni na Makadara, na kuhifadhi nyaraka zake kidijitali. Nyaraka za aina hiyo zaweza kulishwa katika teknolojia ya uhalisia ulioongezwa, ambapo mgeni huelekeza simu yake ukutani akaona picha ya kale, au akasikia sauti inayohusu mahali aliposimama.

Swali la mhakiki ni hili: nyongeza hiyo itasema nini? Katika miswada ya wanazuoni wa pwani, sherehe iliandikwa pambizoni. Haikuifuta matini, wala haikuirudia. Iliifafanua na, aghalabu, iliihoji. Vyombo vya kidijitali vinapaswa kutenda vivyo hivyo. Vikimwonyesha mgeni fahari ya ufunguzi tu, vitakuwa vimeurudufu unyamavu wa 1931 kwa mitambo ya kisasa. Mahali pa kuanzia si rafuni bali kizingitini, baina ya wale simba, ambapo simulizi za waliozuiliwa kuingia na za wasomaji wa kwanza Waafrika zapaswa kusikika kwanza, kwa Kiswahili na lugha nyingine za jiji. Hapo ndipo mgeni atakapolisoma jengo zima, pamoja na yale ambayo mtunzi wake hakukusudia yasomwe.