Skrini yangu ya Kisian na draiva zilizohamia Linux

Leo ni historia kidogo, vumilieni.

Mwaka 2011 nilinunua laptopu yenye chipu mpya ya Intel, nikaileta hapa Kisian na kuweka FreeBSD. (Msiniulize kwa nini si Linux. Walionifunza seva walipitia warsha za AfNOG, zile zilizofika Nairobi mwaka 2006, na huko FreeBSD ilifundishwa sana.) Kila kitu kilienda sawa isipokuwa picha. Skrini ya 1366 kwa 768 ilikubali 1024 kwa 768 tu, ikavutwa kwa upana, kila mtu akawa na mashavu. Jirani yangu mwenye mashine kama hiyo alikuwa na Ubuntu. Yake safi!

Turudi nyuma. Tangu 1992 mradi wa XFree86 uliweka draiva za picha ndani ya seva ya X, nje ya kerneli. Seva hiyo iligusa kadi ya picha moja kwa moja. Ubaya wake ni kwamba ilihitaji mamlaka ya root, na ikianguka ingeweza kukuachia skrini nyeusi. Lakini draiva ikiandikwa mara moja, Linux wanapata, FreeBSD wanapata, OpenBSD pia. Hata ugomvi wa leseni wa 2004, uliowahamishia wengi X.Org, haukuvunja mpango huo.

Uliouvunja ni Linux 2.6.29, Machi 2009. Kazi ya kupanga ukubwa wa picha kwenye chipu za Intel iliingizwa ndani ya kerneli, wakaiita KMS. Kiufundi ni uamuzi mzuri, sibishi. Ila kerneli ya Linux ni ya Linux. Januari 2010 draiva ya Intel ya X, toleo 2.10, ikaondoa njia ya zamani kabisa. Asiye na KMS abaki na 2.9, na kama chipu yake ni mpya zaidi, atumie VESA. Ndiyo yale mashavu.

Kichekesho ni kwamba Nvidia, waliofunga msimbo wao, walikuwa na draiva ya FreeBSD tangu 2002. Msimbo wa Intel ulikuwa wazi na ruhusa ya kuuhamisha ipo. Aliyekosekana ni mtu wa kuukalia.

Akapatikana Konstantin Belousov, aliyelipwa na FreeBSD Foundation. Kazi yake iliingia toleo 9.1, Desemba 2012. OpenBSD walipata yao 2013. Siku hizi FreeBSD huchukua draiva za Linux karibu zilivyo, kupitia LinuxKPI, tabaka linaloifanya draiva idhani bado iko kwao.

Laptopu yangu ilingoja hadi Januari 2013. Nilikompaili Xorg upya, WITH_KMS ndani ya make.conf, siku nzima nikiomba stima isipotee. Ikawaka: 1366 kwa 768. Nikafunga X nirudi kwenye maandishi, skrini ikagoma. Hilo nalo lilisubiri konsoli ya vt, mwaka 2014.